Vidonge Vilikuwa Vyangu

Sehemu ya nane

Wiki iliyopita niliwaacha mkwe wangu amenishika kiganja kwa mkono wake mmoja mzima, hataki kuniachia, na mimi sijui anataka nini.

Wewe uliyefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza nitakueleza haraka, maana nimechoka na maelezo marefu. Mimi ni fundi wa kushona. Nina mume, fundi wa majokofu, mtu mpole. Nina mkwe, mama yake, aliyepigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita. Upande wa kulia umekufa ganzi, mdomo umekwenda kombo, na maneno yake hakuna anayeyaelewa ila mimi ninayemlisha na kumwogesha. Na nina dhambi moja. Ina miaka kumi na moja.

Mume wangu alikuwa na mke kabla yangu. Mke huyo alikuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Karakana nzima tulimwita Pindo, kwa sababu hakuna aliyejua kukunja pindo la nguo kama yeye. Nilipofukuzwa na yule mchumba niliyewasimulia wiki ya tatu, Pindo ndiye aliyenipokea nyumbani kwake.

Nami nikamtamani mumewe. Nikachukua vidonge vya kuzuia mimba, nikavitia kwenye mkoba wake wa nyuzi, kisha nikaenda kwa mama mkwe wake na uso wa huruma. "Mama, unasubiri mjukuu kwa mtu anayemeza hivi?"

Vidonge vilikuwa vyangu.

Pindo alitolewa siku ileile, mchana, na begi lake. Mwaka haukuisha nikaingia mimi.

Haya mmeshayasoma. Wengine mmemwandikia mhariri mkitaka nichapwe hadharani. Sawa. Pangeni foleni.

Sasa turudi pale kitandani.

Ilikuwa saa kumi jioni, saa ya tamthilia. Katika tamthilia hiyo kuna binti ambaye jina lake halisi linamshinda kila mtu kulitamka, kwa hiyo mtaani na kazini wote wanamwita Mtoto wa Watu. Aliolewa kwenye jumba kubwa. Wifi yake akatia sumu kwenye kikombe cha baba mkwe, akamsingizia yeye. Hakuna aliyemuuliza. Akatolewa kwa miguu, bila hata kandambili.

Sasa amerudi. Kanyoa nywele, kavaa miwani myeusi, kawa wakili, na familia ileile imemwajiri bila kumtambua. Kila siku anawasogeza hatua moja karibu na shimo, huku akiwaambia "msijali".

Mimi namwona mara mbili. Jioni na mkwe wangu, na kesho yake saa nne asubuhi, marudio, kule karakanani. Msimamizi wetu ametundika televisheni ukutani kwa sharti moja: macho yaende, mikono isisimame.

Mnapaswa kuwasikia wanawake wale. Kuna mkata vitambaa tunamwita Mkasi, mama wa makamo, mkono wake ni mwepesi na ulimi ni mwepesi zaidi.

"Awamalize!" Mkasi hupiga kelele. "Asibakize hata paka! Na yule wifi aniachie mimi, nina mkasi wa inchi kumi hapa."

"Lakini kulipiza si vizuri," mmoja husema.

"Si vizuri kwako wewe uliyekula ukashiba. Mtoto wa watu katolewa kama taka, halafu asamehe? Asamehe kwa lipi?"

Wote hugonga meza. Na mimi hugonga.

Hili ndilo ungamo langu la wiki hii, na naona haya kuliandika kuliko lile la vidonge. Nilimlilia yule binti. Machozi ya kweli, si ya kuigiza. Siku waliyomtupia begi lake nje, nililowesha kola ya shati la mwanafunzi nililokuwa nashona, mpaka Mkasi akanipa kipande cha kitambaa.

"Una moyo mwepesi, wewe," akaniambia.

Nikapokea. Nikapenga.

Mtaniuliza, hukujiona? Sikujiona. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani aliyekamilika. Nilikaa pale nikimwombea Mungu ampe binti nguvu, nikimlaani wifi yake, na jioni nikirudi kulala kwenye kitanda cha mwanamke niliyemfanyia vilevile.

Basi, ile jioni mkwe wangu alikuwa amenishika kiganja. Machozi yanamtoka jicho moja, lile linaloweza.

"Mama, unataka maji?"

Akatikisa kichwa.

"Nikugeuze?"

"Pi... do," akasema.

Nilisikia vizuri. Nikajifanya sikusikia. "Nini, Mama?"

"Pindo."

Miaka kumi na moja jina hilo halikutajwa katika nyumba ile. Hata panya walikuwa wanajua.

"Yule pale," akaonyesha televisheni kwa kidevu, na kila neno lilimtoka kama mtu anayepandisha ndoo kisimani, "mama mkwe wake hakumuuliza. Hata swali moja. Na mimi... sikumuuliza."

Nikamrekebishia mto.

"Mtafute. Nimtake radhi. Kabla sijaondoka."

Mume wangu alikuwa mlangoni anavua viatu. "Mama anasemaje?" akauliza.

"Anataka maji," nikasema.

Nikaenda kuyaleta. Jikoni nilisimama na gilasi mkononi, bomba linamwagika, na sikuwa hata na hofu. Wakati mwingine uongo unazeeka kama mzigo kichwani. Mwanzo unauma shingo, kisha unauzoea, kisha siku moja unasikia mtu anasema "tua" na unagundua hujui tena kuutua.

Kumpata Pindo haikuwa kazi. Nilitamani iwe kazi.

"Pindo?" Mkasi akanishangaa nilipomuuliza. "Si yupo! Ana duka la mapazia nyuma ya stendi ya mabasi. Miaka yote hii hujui?"

Sikujua kwa sababu sikutaka kujua. Mtaa ule nilikuwa nauzunguka kama mtu anayekwepa dimbwi.

Jumamosi asubuhi nilimwambia mume wangu nakwenda kununua zipu. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaja kukaa na mama. Nikaenda.

Duka ni chumba kimoja kirefu. Mapazia yananing'inia kila upande, hata unaingia kama unaingia kwenye kabati la nguo la mtu. Vyerehani viwili, meza ya kukatia, televisheni ndogo juu ya majora ya kitambaa. Pindo alikuwa amenipa mgongo, anapiga pasi.

"Karibu," akasema bila kugeuka. "La sebule au la chumbani?"

"Pindo."

Pasi ikasimama. Ikasimama mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua. Akaiinua, akaiweka pembeni, ndipo akageuka.

"Ah," akasema. "Ni wewe. Umekonda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa pasi. Kwa hilo la kukonda sikuwa nimejiandaa. Nikapiga magoti.

"Inuka," akasema. "Sakafu ina pini."

Nikainuka. Kweli ilikuwa na pini, moja ilishanichoma goti.

"Pindo, nimekuja kukutaka radhi. Vile vidonge..."

"Vilikuwa vyako. Najua."

"Unajua?"

"Ulikuwa unavimeza na chai ya saa nne, unasema ni vya kichwa. Mtu gani anaumwa kichwa kila siku kwa saa ileile?" Akavuta kigoda kwa mguu. "Kaa. Ukisimama hapo wateja watadhani tunagombana."

Nikakaa. "Na hukusema?"

"Nilisema. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Lakini mtu akishaitwa mwongo, akisema si mwongo wanasema, mnaona? Ndiyo hivyo anavyodanganya."

Chini ya meza ya kukatia kulikuwa na sauti. "Mama, saba mara nane?"

"Hamsini na sita," Pindo akajibu.

Nikainama. Mtoto wa kike wa miaka minane hivi, daftari mapajani. Na nyuma ya pazia la bluu kulikuwa na miguu minne midogo inacheza kujificha. Nikahesabu. Watatu.

"Wako?" nikauliza kama mjinga.

"Hapana, nimeazima." Akanitazama. "Wangu. Baba yao ni dereva wa lori, yuko safarini. Na wewe? Miaka kumi na moja. Unao wangapi?"

Nilijua swali hilo linakuja. Nilikuwa nalisubiri tangu nilipoiona ile miguu.

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata wa kuharibika."

Alikuwa na haki ya kucheka. Ningekuwa mimi ningecheka mpaka mapazia yaanguke. Hakucheka. Alikaa juu ya jora la kitambaa, taratibu, na uso wake ukafanya kitu kilichoniumiza kuliko kofi. Alinihurumia.

"Umepimwa?"

"Hospitali tatu. Wote wanasema mzima."

"Na yeye?"

"Anasema baba yake alizaa tisa. Hana haja ya kupimwa."

Kwenye ile televisheni ndogo walikuwa wanarudia vipande vya wiki nzima, Mtoto wa Watu anatembea kwenye varanda la lile jumba, viatu vyake vinalia ko, ko, ko.

"Shoga yangu," Pindo akasema, na neno lile lilinichoma kuliko ile pini, "mimi niliyefukuzwa kwa kutozaa nina watatu. Wewe mzima huna. Hesabu hiyo hata huyu aliyeko chini ya meza anaijua."

"Unasema nini?"

"Mimi sisemi kitu. Nenda kamuulize mama yule. Siku ile alinipiga vibao viwili, unakumbuka? Ulikuwepo. Lakini macho yake yalikuwa sakafuni. Mtu mwenye hasira ya kweli anakutazama."

Nikashika lililo karibu. "Hutaki kulipiza?"

Akageuza kichwa, akamtazama yule binti mwenye miwani myeusi.

"Mimi huyu simwelewi," akasema. "Kila mtu anamlilia, mimi namwona anachelewa tu. Ana muda gani huyo? Hana watoto wa kupeleka shule? Miaka miwili ya kwanza na mimi nilitaka. Nilipanga mpaka nguo nitakayovaa siku hiyo. Kisha nikapata mimba ya huyu wa kwanza, nikatapika kila kitu, kisasi na chai."

"Basi njoo kwa mama. Anataka kukutaka radhi."

"Siji. Nina mapazia ya hoteli, yanatakiwa Jumatatu."

"Anakufa, Pindo."

"Mwambie nimesikia."

"Umesikia tu?"

"Nimesikia tu. Na hiyo ni nyingi." Akachukua pasi yake. "Ukitoka rudishia mlango, vumbi linaingia."

Nilitoka. Nilikwenda kutafuta kipigo, nikapewa hesabu. Nilitembea mpaka nyumbani, sikupanda gari, na zipu sikununua.

Jioni mume wangu hakuwepo. Nilimpa mama supu yake, kijiko kwa kijiko, kitambaa kifuani. Tamthilia ilikuwa inaanza. Ilikuwa siku kubwa, tulikuwa tumeisubiri miezi mitatu. Mtoto wa Watu alikuwa anavua miwani yake leo, mbele ya mama mkwe wake.

"Nimemwona Pindo," nikasema.

Kijiko kikabaki mdomoni mwake.

"Amekataa kuja. Anasema amesikia."

Akafumba macho. Akameza. Akafungua mdomo kwa kijiko kingine, na mimi nikaona kama sitasema sasa sitasema tena.

"Mama, kuna jambo. Vile vidonge havikuwa vyake. Vilikuwa vyangu. Nilivitia mimi."

Nilisubiri laana. Laana ya mama mkwe, tena mgonjwa, si kitu cha mchezo. Nilikuwa nimeitayarishia mgongo.

Akanywa vijiko viwili.

"Vya nani," akasema, "haikunihusu."

"Mama?"

"Nilijua yule hana kosa."

"Ulijuaje?"

Akanitazama. Kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi alinitazama sawasawa, jicho zima na jicho bovu.

"Mwanangu hazai."

Nikaweka bakuli chini.

Alinieleza polepole, na mimi nawaandikia kwa haraka. Mume wangu alipokuwa na miaka kumi na minne aliugua matubwitubwi. Shingo ilivimba, kisha ugonjwa ukashuka chini. Daktari alimwita mama peke yake varandani akamwambia, huyu akija kupata mtoto itakuwa bahati ya ajabu. Mama akalimeza hilo. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia mwanawe.

"Mwanamume utamwambiaje?" akaniuliza, kana kwamba mimi najua.

Akamwoza Pindo. Miaka minne ikapita, mimba hakuna. Ndugu wakaanza kuuliza, wengine wakasema labda kijana apimwe. Mama akawa halali.

"Ndipo ukaja wewe," akasema. "Na vidonge. Uliniokoa, mwanangu."

Uliniokoa.

Nilikaa na neno hilo. Miaka kumi na moja. Nilimeza mizizi iliyonichafua tumbo wiki nzima. Nililala kwenye vitanda vya hospitali miguu juu, wageni wakinichungulia. Nilikaa kwenye harusi za ndugu nikisikia mawifi wakisema mti usiozaa ni kuni. Na kila mara nilijiambia, vumilia, ni malipo ya Pindo, Mungu halali. Nikavumilia. Nikaona hata ni haki.

Na huyu alikuwa anajua. Alikuwa ananiletea mizizi mwenyewe, kwa mkono wake, enzi mikono yote miwili ilipokuwa mizima. "Kunywa, mwanangu, labda mwezi huu."

Nikasimama.

Kwenye televisheni Mtoto wa Watu alikuwa amefika chumbani kwa mkwewe. Akamtazama. Akainua mkono, taratibu, akashika miwani. Muziki ukapanda. Mkwe wangu alisahau kila kitu, alisahau mpaka na mimi, shingo ikanyooka kutoka kwenye mto, mdomo wazi.

Nikazima.

"Washa," akasema.

"Hapana."

"Washa, mwanangu."

"Hapana."

Akaanza kulia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Nami nikasimama mbele ya kile kioo cheusi nikiwa nimekunja mikono. Nawaambia ukweli, nyinyi mnaonitaka nichapwe, kisasi changu chote kwa miaka kumi na moja kilikuwa hicho. Mwanamke mzima, namnyima mgonjwa tamthilia.

Nilidumu dakika tano. Mkono ulikuwa umechoka na moyo ulikuwa umechoka zaidi. Nikawasha.

Yalikuwa matangazo ya sabuni. Yalipokwisha, yule mkwe wa kwenye tamthilia alikuwa ameshaanguka sakafuni, na Mtoto wa Watu alikuwa anashuka ngazi. Alichomwambia hatukukisikia, si mkwe wangu wala mimi.

"Usimwambie mwanangu," akasema mkwe wangu. "Nikishakufa, mwambie. Si kabla."

Nikamfuta mdomo. Sikusema ndiyo. Sikusema siyo.

Ndipo nikasikia mlango wa mbele, na nyayo. Za watu wawili.

Mume wangu akachungulia chumbani. Alikuwa amevaa shati nililompigia pasi kwa ajili ya mkutano wa kazini. "Mke wangu," akasema, "njoo mara moja."

Tukasimama kwenye ujia, mimi na bakuli langu la supu. Alikuwa anajipangusa jasho na hakukuwa na joto.

"Nilitaka nikuambie mapema," akasema, "mdomo ukawa mzito."

"Sema."

"Ndugu walikaa kikao. Mara tatu wamekaa. Miaka kumi na moja si mchezo, mke wangu. Sikuachi, elewa. Wewe ni wangu, na mama bila wewe hana mtu. Lakini mtu anahitaji mtoto."

Nilimtazama. Wala hakuwa anafanya ubaya. Alikuwa mtu mpole anayerudia alichoambiwa, kama alivyorudia alichoambiwa kuhusu Pindo.

"Umepata mtu," nikasema.

"Nimempata. Nimekuja naye amsalimie mama tu. Yuko sebuleni."

Ningeweza kusema pale pale. Ujia ulikuwa mtupu, tulikuwa wawili. Kitu gani kilinizuia? Mpaka leo nadhani ni uchovu. Ukweli mmoja kwa siku ulikuwa umenitosha.

Binti alikuwa amekaa kwenye ncha ya kiti, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti. Miaka ishirini na miwili, mitatu. Alisimama haraka aliponiona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nimesikia mengi mazuri juu yako," akasema. Sauti yake ilikuwa nzuri na ilikuwa inatetemeka. "Mume wako... yaani, yeye, ananiambia unavyomhudumia mama. Mimi nilimuuguza bibi yangu, dada, miaka mitatu. Nitakusaidia. Huna haja ya kufanya yote peke yako."

Akainyoosha mikono kulipokea bakuli. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimpa. Lilikuwa zito.

Tukaingia chumbani watatu. Mume wangu mbele. "Mama, nimekuletea mgeni."

Binti akaweka bakuli mezani, akapiga magoti kando ya kitanda kama mtu aliyefundishwa vizuri kwao. "Shikamoo, Mama."

Mkwe wangu akamtazama. Akamtazama muda mrefu, usoni, mikononi, kisha usoni tena. Kifua chake kikapanda na kushuka. Mkono wake mzima ukatoka chini ya shuka, ukamshika binti kwenye kifundo cha mkono.

"Kimbia," akasema.

Neno lilitoka safi. Miaka miwili hajatoa neno zima mbele ya mtu mwingine, na hili halikuhitaji mkalimani. Hata jirani angelisikia.

Binti akacheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Akanigeukia ili nicheke naye. Sikucheka. Kicheko chake kikafa.

"Mama?" mume wangu akasema. "Akimbie nini?"

Mkwe wangu akauachia mkono wa binti, akageuza uso ukutani. Alikuwa amemaliza. Yaliyobaki aliniachia mimi, kama anavyoniachia beseni na shuka.

Mume wangu alisimama akitazama kisogo cha mama yake. Kisha akaenda mlangoni, akaufunga, taratibu, bila kuubamiza. Akarudi akasimama mbele yangu, na sauti yake sikuijua.

"Mama hasemi. Basi utasema wewe. Akimbie nini?"

Binti alikuwa bado chini, vidole vimeshika ukingo wa godoro, macho yanatoka kwangu kwenda kwa mume wangu, kisha yanarudi kwangu.

"Kwanza mwache asimame," nikasema. "Asiyasikie haya akiwa amepiga magoti."